Zana Inagoma Kushika, Inacheza au Inachomoka: Kutatua Matatizo ya Kiungio cha Haraka cha Skidi-stia

Skidi-stia, mtambo mdogo wa kupakia ambao kwenye saiti nyingi huitwa bobcat tu hata kama umetengenezwa na kampuni nyingine, inapendwa kwa sababu asubuhi inazoa mchanga kwa bakuli, mchana inavunja zege kwa nyundo ya haidroliki, jioni inapanga matofali kwa uma. Yote hayo yanategemea bamba moja lililo mbele ya mikono ya mtambo, yaani kiungio cha haraka. Ukingo wa juu wa bamba huingia chini ya mdomo wa zana na kuinyanyua. Kisha kabari mbili za chuma, moja kulia na moja kushoto, hushuka na kupenya matundu mawili yaliyo upande wa chini wa fremu ya zana. Hakuna kingine kinachoishika. Kwenye mashine za kawaida opereta hushusha kabari kwa liva mbili za mkono; kwenye mashine za swichi, kazi hiyo hufanywa na silinda ya haidroliki au mota ya umeme.

Makosa mengi huanzia hapa: opereta anaona liva iko chini, anaondoka. Liva kuwa chini hakuthibitishi kwamba kabari imeingia. Inaweza kuwa imepita mbele ya tundu, imekalia tope, au imeingia upande mmoja tu. Na mtambo hautakuonya, kwa sababu bakuli lililojaa na kukunjwa nyuma hukandamiza sehemu yake ya chini kwenye bamba kwa uzito wake lenyewe. Litabeba safari kumi bila kabari. Litakapoinamishwa kumwaga juu ya lori, uzito unahama, mdomo wa juu unateleza, na kilo 200 za chuma zinashuka na mzigo wake. Kwa hiyo popote mwongozo huu unaposema "hakikisha imefunga", maana yake ni kushuka, kuinama na kuona ncha zote mbili za kabari zimetokeza chini ya matundu.

Baada ya kuona kwa macho, jaribu kwa nguvu. Watu wakae mbali. Inamisha bakuli mbele, ncha yake iguse ardhi, kandamiza mikono chini mpaka magurudumu ya mbele yaanze kuwa mepesi, kisha rudi nyuma polepole kama nusu mita. Nguvu hiyo huvuta sehemu ya chini ya zana itoke kwenye bamba. Pakifunguka mwanya, kabari haijashika. Bora ufunguke pale chini kuliko juu ya kichwa cha mtu.

Kabla ya kuweka mkono popote: zana iwe chini, injini izimwe, breki ifungwe, ufunguo uwe mfukoni mwako. Usitie kidole ndani ya tundu la kabari kupima kama limelingana. Kama kazi inalazimu mikono iwe juu, weka kizuizi cha mikono kilichokuja na mtambo. Gogo au jeki ya gari si kizuizi.

Liva haishuki hadi mwisho

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila mahali. Anza kwa kutenganisha: toa zana, kisha shusha liva bamba likiwa tupu. Ikishuka vizuri, tatizo liko kwenye zana au kwenye mkao. Ikigoma, tatizo liko kwenye mtambo. Jaribio hili linachukua dakika mbili na linaokoa nusu siku ya kupiga nyundo.

Ikiwa tatizo ni la zana, kisababishi cha kawaida kabisa ni uchafu. Si lazima uwe mwingi. Tope lililoganda chini ya mdomo wa juu, unene wa milimita tano tu, linatosha kuizuia zana isikae mahali pake, na matundu ya chini yakawa hayalingani tena na kabari. Kwangua mfereji wa mdomo wote kwa kipande cha bamba la chuma, zibua matundu, na futa uso wa fremu unaogusana na bamba. Zege likishaganda litoke kwa patasi, taratibu. Lami hulainika kwa dizeli kidogo.

La pili ni mkao. Opereta amesogea, ameingiza mdomo, lakini hajakunja bamba nyuma vya kutosha. Kunja mpaka ncha ya bakuli inyanyuke kidogo kutoka ardhini, ili zana ining'inie kwa uzito wake na kulala sawasawa kwenye bamba. Halafu zima injini, ushushe liva. Kama ardhi ina mteremko wa upande na mdomo umeshika kona moja tu, peleka zana mahali tambarare. Usilazimishe.

Vikishindikana hivyo vyote, shuku fremu ya zana. Uma uliogongwa ukutani au bakuli lililotumika kung'olea visiki huweza kupinda fremu bila kuonekana kwa jicho. Weka rula ndefu ya chuma juu ya uso wa fremu, au jaribu zana nyingine kwenye mtambo huohuo. Zana ya pili ikishika vizuri, umempata mkosaji. Angalia pia kama zana yenyewe ni ya aina hiyo. Vipimo vya bamba la skidi-stia vimewekwa kwenye kiwango cha ISO 24410, ndiyo maana zana ya kampuni moja hukubali mtambo wa nyingine. Lakini vile vimashine vidogo ambavyo opereta husimama nyuma yake vina bamba jembamba zaidi, na baadhi ya mitambo ya zamani ina viungio vyake vyenyewe. Zana zilizochomelewa mtaani kwa kukadiria nazo hutoka na matundu yaliyopishana. Hapo dawa ni kupima upya na kutengeneza fremu. Usitanue tundu kwa gesi mpaka kabari ipite, maana tundu lililotanuliwa halishiki kitu.

Ikiwa liva inagoma hata bamba likiwa tupu, tafuta kwa mpangilio huu: vumbi na grisi kavu ndani ya njia ya kabari, kutu, hasa mtambo ukifanya kazi karibu na bahari au kwenye mbolea na chumvi, springi iliyokatika na kujikunja ndani, mwisho, kabari iliyopinda. Osha kwa maji ya nguvu, nyunyiza oili ya kulegeza kutu, acha robo saa, kisha pandisha na kushusha liva mara kumi au kumi na tano. Pampu grisi mpya mpaka ile chafu itoke. Kabari iliyopinda haiponi kwa kunyooshwa. Chuma chake kimekomazwa kwa moto. Kukipasha tena ni kukilainisha.

Na tafadhali, usipige kabari kwa nyundo bila miwani. Chuma kigumu kikipiga chuma kigumu hurusha vipande vidogo vyenye makali, na jicho halina spea.

Liva imefunga lakini zana inacheza

Mlio wa "ko, ko" kila unapogeuka hutoka sehemu mbili tofauti, na watu huzichanganya. Mmoja akae nje, umbali salama, mwingine apige zana kidogo chini na kuikunja polepole. Mchezo ukiwa kati ya bamba na zana, ni kabari, tundu au mdomo wa juu. Ukiwa kati ya bamba na mikono ya mtambo, ni pini na bushi za egemeo.

Kabari nzuri huingia kwenye tundu, ncha yake hugusa ukingo wa chini wa tundu, na springi bado inaisukuma. Ndiyo maana imetengenezwa ikiwa na mteremko: kadiri inavyolika, inashuka kidogo zaidi na kujikaza yenyewe. Ikishafika mwisho wa safari yake, haina tena pa kushuka, na mchezo unaanza. Zima mtambo, angalia ncha. Kama kabari imeshuka yote lakini haigusi ukingo wa tundu, pima kwanza zana mbili tofauti. Zana zote zikicheza, kabari zimekwisha. Badilisha zote mbili pamoja na springi zake. Ikicheza moja tu, tundu la zana hiyo limekuwa yai. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anaweza kukata sehemu iliyolika na kuweka bamba jipya la unene uleule. Kujaza kwa welding na kusaga kwa jicho hakudumu.

Njia ya mkato inayotumika sana ni kuchomelea kipande cha nondo kwenye ncha ya kabari ili "irefuke", au kuchomeka boliti badala ya kabari iliyopotea. Tunaikataa bila kuzunguka. Nondo haijatengenezwa kubeba mgandamizo wa aina hiyo, na inapokatika haitoi dalili.

Mdomo wa juu huchakaa taratibu na mara nyingi husahaulika. Tafuta sehemu inayong'aa na iliyoliwa kwenye ukingo wa bamba, na nyufa kwenye kona za mdomo wa zana. Ufa huonekana kama mstari wa kutu unaotoka kwenye mshono wa kuchomelea. Ukiuona kwenye bamba la mtambo au kwenye mikono, acha kazi hapohapo. Hiyo si kazi ya welding ya barabarani; inahitaji fundi anayejua aina ya chuma, joto la kuandaa na elektrodi inayofaa, au bamba jipya.

Kwa upande wa egemeo, ingiza mtaimbo mwembamba na kubenua kidogo. Ikiwa pini inacheza ndani ya bushi, grisi itapunguza kelele kwa siku mbili tatu tu. Badilisha bushi na pini kwa pamoja. Pini mpya ndani ya bushi iliyolika hufa haraka kuliko ile ya zamani.

Liva inaruka juu wakati wa kazi

Liva hujifunga kwa kupita kidogo kituo chake cha katikati, halafu springi huizuia isirudi. Ikiruka, sababu ya kwanza ni kwamba haikushushwa mpaka mwisho. Ya pili, springi imechoka au imekatika: linganisha urefu na ugumu wa kulia na kushoto. Ya tatu, boliti ya egemeo la liva imelegea au nati yake imepotea. Weka mpya yenye kufuli, si nati ya kawaida na matumaini. Ya nne, jiwe au mzizi unapiga kabari kutoka chini, jambo la kawaida kwenye kusawazisha vifusi. Ukikuta ncha za kabari zimepondeka, ujue ndiyo hiyo.

Usifunge liva kwa waya au kamba. Waya huizuia liva lakini hauirudishi kabari mahali pake.

Angalizo la mwili: liva yenye springi nzima hurudi kwa nguvu. Ishike kwa kiganja, uso na kifua vikiwa pembeni, usisimame juu yake.

Zana imeshika, haitaki kutoka

Kabla ya kutafuta mtaimbo, ondoa mzigo kwenye kabari. Weka zana chini tambarare, kunja bamba nyuma kidogo, halafu mbele kidogo, uone kama liva inalegea katika mkao fulani. Mara nyingi kabari imebanwa tu kwa sababu zana inavuta upande mmoja. Isipolegea, osha, nyunyiza oili ya kutu kutoka juu na kutoka chini, subiri. Zana iliyoachwa kwenye mtambo mwezi mzima wa mvua inaweza kuhitaji kulala na oili usiku kucha. Baada ya hapo unaruhusiwa kugonga kabari kutoka chini kwa kipande cha shaba au mbao ngumu, mtambo ukiwa umezimwa na zana imelala chini. Kamwe usigonge zana ikiwa inaning'inia.

Mashine za swichi: unabonyeza, kabari hazitembei

Mitambo mingi haikubali amri hii mpaka injini iwe inawaka, opereta awe kwenye kiti na kizuizi cha kiti kimeshuka. Hakikisha hilo kwanza. Kisha shikilia swichi. Wengi hubonyeza na kuachia mara moja, wakati presha inahitaji sekunde kadhaa kujaa.

Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi. Kisha badilishana rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na nyingine ya namba hiyohiyo kwenye boksi, kwa mfano ya honi. Hatua inayofuata ni kupima volti kwenye plagi ya solenoidi, yaani koili ya umeme inayofungua valvu, msaidizi akiwa ameshikilia swichi na mikono ya mtambo ikiwa chini. Mfumo ni wa volti 12. Umeme ukifika na solenoidi isilie "tik", koili imekufa au valvu imekwama. Umeme usipofika, fuata waya, hasa pale unapopita kwenye maungio ya mikono. Hapo ndipo hujikunja maelfu ya mara na kukatika ndani ya ganda lililo zima.

Kukiwa na sauti lakini hakuna mwendo, rudi kwenye uchafu na grisi. Silinda ya kiungio ni ndogo na haina nguvu ya kushinda zege lililoganda. Upande mmoja ukitembea na mwingine ukabaki, kiunganishi cha upande ule kimepinda au pini yake imetoka. Kabari zikishuka vizuri halafu zikapanda zenyewe baada ya muda, sili za silinda zinavujisha ndani, au springi ya kuzishikilia chini imekatika. Silinda kufunguliwa ni kazi ya fundi wa haidroliki mwenye sili sahihi na mahali safi. Mpaka ifanyiwe kazi, mtambo usinyanyue zana.

Koplingi za oili hazikubali kuingia

Zana imeshika, sasa hozi zinagoma kuingia kwenye koplingi, yaani viungio vyake vya oili. Karibu kila mara ni presha iliyonaswa. Mtu alizima injini na kuchomoa hozi bila kuachia presha. Au zana imekaa juani tangu saa tatu, oili ndani imetanuka na haina pa kwenda. Kwenye jua la Dar es Salaam au Mombasa, hozi nyeusi hufanya hivyo hata kama iliachwa vizuri.

Upande wa mtambo, zima injini, washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha chezesha swichi ya oili ya zana mbele na nyuma mara kadhaa. Baadhi ya mitambo huachia presha kwa kusukuma koplingi ndani na kuishikilia kwa sekunde tano. Upande wa zana, funika hozi kwa gunia lililoloweshwa na usubiri zipoe. Usigonge uso wa koplingi kwa nyundo au bisibisi. Uso huo bapa ndio unaoziba. Alama ndogo tu itavujisha daima, na oili inayofyatuka hapo inaweza kuwa na presha ya zaidi ya bar 200.

Onyo lisilo na mjadala: usitafute mvujo kwa kiganja. Tumia kipande cha boksi au mbao, na miwani. Tundu dogo kama la sindano linaweza kuingiza oili chini ya ngozi. Kidonda huonekana kidogo na hakiumi sana mwanzoni, lakini ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo, useme wazi kwamba ni oili ya presha.

Zana imeunganishwa lakini haizunguki, inazunguka kinyume, au ni dhaifu

Kinyume ni hozi zilizopishana, badilisha. Kutozunguka kabisa mara nyingi ni koplingi moja isiyoingia mpaka mwisho. Ivute uone kama inatoka, na uzungushe pete yake ya usalama. Udhaifu una sababu zaidi: oili pungufu, filta iliyoziba, au zana kubwa kuliko mtambo. Skidi-stia nyingi hutoa lita 60 hadi 90 kwa dakika. Mashine ya kukwangua lami inayotaka lita 120 haitafanya kazi hapo hata ukiibembeleza.

Zana zenye hozi ya tatu nyembamba, kama mashine za kukwangua na baadhi ya brashi, zinahitaji hozi hiyo iunganishwe kila mara. Inarudisha oili inayovuja ndani ya mota kwenda tangini. Ukiisahau, presha inajaa ndani ya ganda la mota na sili ya shafti inapasuka ndani ya muda mfupi.

Matunzo

Egemeo za bamba zipate grisi kila saa 8 hadi 10 za kazi, yaani kila siku. Kabari zipate wakati huohuo kama unafanya kazi kwenye vumbi la saruji, mbolea au ufukweni. Kwingineko fuata kitabu cha mtambo. Grisi ya lithiamu namba 2 inafaa. Futa niplo (kichwa kidogo cha kupampia grisi) kabla ya kupampu, la sivyo unaingiza mchanga kwa presha. Niplo isiyopokea grisi ibadilishwe siku hiyo; bei yake haifiki hata robo ya bei ya bushi.

Zana ziwekwe juu ya mbao, hozi zikunjwe juu zisiguse udongo, vifuniko vya koplingi virudishwe. Ukizipanga kivulini unapunguza lile tatizo la presha kwa kiasi kikubwa.

Mwisho, paka ncha za kabari rangi ya njano au nyeupe inayoonekana kutoka mbali. Zikitokeza chini ya fremu utaziona mara moja. Baada ya wiki, angalia rangi ilipofutika. Ikifutika upande wa mteremko kwa usawa kulia na kushoto, kabari zinashika vizuri. Ikifutika upande mmoja tu, au ikibaki nzima, anza tena na jaribio la kwanza: toa zana, shusha liva.